Kabla Hujamtukana Fundi, Uliza Maji Yalikuwa Wapi

Wiki jana niliposti video fupi ya ukuta wa keja yangu hapa Umoja. Hakuna kitu nilifanya, wasee. Niligonga tu na kifundo cha kidole, juu kidogo ya soketi, na kipande cha skimu kikubwa kuliko chapati kikajiachilia, kikaanguka nyuma ya kitanda. Skimu yenyewe haijamaliza miezi minne. Majibu niliyopata ni mengi kuliko ya video yoyote nimewahi kutengeneza, na karibu yote yalisema kitu kimoja: fundi alikula pesa, fundi ni mwizi, mafundi wa Nairobi ni wale wale.

Mimi nakataa. Si kwamba mafundi ni malaika, nitawafikia. Lakini kama kuta zinapasuka kwa njia ile ile kutoka Pipeline mpaka Kayole, kutoka ghorofa za Huruma mpaka ploti mpya za Utawala, basi ama mafundi wote walikutana usiku wakaapa kutuharibia, ama kuna kitu kingine kinaendelea na sisi tunatukana mtu aliye karibu.

Wacha nianze na kile kipande, kwa sababu nilikiokota. Upande wa mbele ulikuwa mweupe, safi, vile tunapenda kwa kamera. Upande wa nyuma ulikuwa laini, unang'aa kama ndani ya ganda la yai. Na pale ukutani kilipotoka, pakabaki rangi ya mafuta ya krimu, ile ya kitambo, inayopakwa kutoka sakafuni hadi usawa wa kifua. Kama umekulia Eastlands unaijua. Ilipakwa ili watoto wakishika ukuta na mikono ya uji, mama apanguse na kitambaa mambo yaishe.

Sasa fikiria. Rangi ya mafuta kazi yake ni kukataa. Inakataa maji, inakataa uchafu, inakataa uji. Skimu nayo inashika kwa kunywewa: ule uji mweupe unaingia kwa vitundu vidogo vya ukuta, unagandia humo ndani kama mizizi. Ukiipaka juu ya rangi ya mafuta, haina pa kuingia. Inakauka ikiwa imeegemea tu. Siku ya kwanza inapendeza, mwezi wa kwanza inapendeza, halafu mtu anafunga mlango kwa hasira mara tatu na shuka lote linaanza kuachana na ukuta.

Dawa yake inajulikana. Unakwangua ile rangi na skrepa, unapiga msasa wa kukwaruza mpaka mng'ao uishe, unapangusa vumbi, unapaka gundi ya ukuta ya kushikisha, ndiyo skimu ije. Kwa bedsita moja hiyo ni kazi ya siku nzima, pengine mbili, kabla hujafungua hata mfuko mmoja wa skimu. Na hapo ndipo shida ilipo. Mpangaji wa kwanza anahama tarehe 31. Wa pili amelipa anataka kuingia tarehe 1. Fundi anapewa usiku mmoja na asubuhi moja. Ungekuwa wewe ungefanya nini? Ungepaka. Hata mimi ningepaka.

Najua haya kwa sababu nilipoacha chuo mwaka wa pili, kabla simu haijaanza kunilipa, nilifanya mjengo miezi kadhaa nikiwa mtu wa mkono. Kubeba karai, kuchanganya, kupandisha maji ghorofani. Fundi niliyekuwa naye alikuwa mzee wa kuongea kidogo. Siku yangu ya pili alinituma nimwage maji ukutani kabla hajapiga plasta. Nikafikiri ananitesa, kwa sababu maji yenyewe nilikuwa nayapandisha kwa ngazi, mtungi wa lita 20 kila mkono, mpaka ghorofa ya nne. Nikamwuliza, "Mzee, ukuta tunauosha wa nini na tutaufunika?" Akachukua mtungi, akamwaga kikombe kimoja kwenye jiwe kavu. Maji yakaingia kama yamemezwa. Hata hayakufika chini. Akasema, "Kijana, hili jiwe lina kiu kuliko wewe. Usipolinywesha litakunywa plasta."

Hayo ndiyo mambo shule haikunifundisha, au ilinifundisha nikiwa nimelala. Simiti haikauki. Tunasema "imekauka" lakini si kukauka, ni kushika. Simiti na maji vinaungana, vinatengeneza kitu kipya ambacho ndicho jiwe. Maji yakiondoka kabla hiyo kazi haijaisha, kazi inasimama pale pale ilipofika. Unabaki na mchanga uliopakwa unga wa kijivu. Ndiyo maana kuna plasta ukiikwaruza na ukucha inamwagika kama biskuti. Haikukosa simiti. Ilikosa maji.

Na maji yanaibiwa kutoka pande mbili. Nyuma kuna jiwe. Hizi nyumba zetu nyingi zimejengwa na mawe ya kukatwa kwa mashine, ya Ndarugo au ya Njiru, na yakiwa makavu yanavuta maji kama sponji. Mbele kuna jua na upepo. Piga plasta ya nje saa sita mchana mwezi wa Januari, uone. Kabla fundi hajamaliza kulainisha upande wa kulia, upande wa kushoto umeshabadilika rangi. Inapoteza maji, inasinyaa, na kwa kuwa imeshikwa na ukuta haiwezi kusinyaa kwa amani. Inapasuka. Zile nyufa nyembamba kama ramani ya mito zinatoka hapo.

Kwa hivyo plasta mpya inatakiwa kunyunyiziwa maji asubuhi na jioni, wiki nzima hivi. Kila fundi anajua. Hakuna siri hapo. Sasa niambie, Eastlands gani ina maji ya kumwagia ukuta wiki nzima? Maji ya mfereji yanakuja kwa zamu. Kuna mitaa inapata siku mbili kwa wiki, usiku wa manane, na kuna mitaa wananunua mtungi kwa mtungi kutoka kwa mkokoteni. Mjengo unategemea boza, na boza lina bei. Nilishuhudia foromani akichagua: maji yaliyobaki yachanganye zege ya kesho, au yanyweshe plasta ya jana? Plasta ya jana ilishalipiwa. Zege ya kesho ndiyo inaonekana. Tukachanganya zege. Hakuna mtu aliiba chochote siku hiyo na bado ule ukuta uliharibika.

Ndiyo nasema kabla hujamtukana fundi, uliza maji yalikuwa wapi.

Haya, sasa mafundi. Kuna dhambi zao na siwezi kuzificha kwa sababu mimi mwenyewe nilizibeba kwa karai. Ya kwanza ni kufufua. Mmechanganya rundo kubwa asubuhi, mkaenda kula githeri, mkirudi limeanza kushika. Badala ya kulitupa, mtu wa mkono anaambiwa aongeze maji na kugeuza na sepetu mpaka lilainike. Linalainika, ndiyo, lakini ule muungano ulioanza umevunjwa na haurudi vile ulivyokuwa. Skimu ya jipsamu ni mbaya zaidi hapo, kwa sababu inashika kwa dakika, si kwa masaa. Ikianza kuwa ngumu kwa ndoo imeisha. Ukiona mtu anaizungusha na maji ili asipoteze ya mwisho, ile sehemu ya ukuta itakuwa unga.

Ya pili itawashangaza. Simiti nyingi si nguvu nyingi. Kuna wenye nyumba wanasimama hapo wakisema "ongeza simiti, nataka ukuta wa nguvu", na fundi anaongeza ili kazi ionekane nzuri. Plasta yenye simiti kupita kiasi inasinyaa zaidi na kupasuka zaidi. Kipimo cha kawaida ni karai moja ya simiti kwa nne, tano, au sita za mchanga, kulingana na ukuta. Halafu kuna ule mchezo wa mwisho wa kurusha simiti kavu juu ya plasta mbichi ili ilainike haraka na ing'ae. Inang'aa kweli. Ile ngozi ya juu inakuwa na simiti tupu, chini kuna mchanganyiko mwingine, kila moja inasinyaa kivyake. Wiki ya pili unapata nyufa kama za kisigino cha mtu anayetembea bila viatu.

Mchanga nao ni hadithi ndefu. Mchanga mzuri wa mto kutoka Ukambani una bei, kwa hivyo lori likija limechanganywa na udongo nobody anauliza. Kuipima ni rahisi hadi aibu. Chukua chupa ya plastiki ya kuona ndani, jaza mchanga hadi nusu, weka maji, tikisa, acha itulie masaa kadhaa. Mchanga unashuka kwanza, udongo laini unabaki juu yake kama krimu. Krimu ikiwa nene, huo mchanga utakusumbua, kwa sababu udongo unavimba ukilowa na kusinyaa ukikauka. Nilifanya hii mbele ya foromani siku moja nikifikiri nitasifiwa. Nilitumwa ghorofani.

Kuna ufa mwingine ambao mnanitumia sana picha zake: mstari ulionyooka, wima, kama umechorwa na rula, kutoka dari hadi sakafu. Au ule wa kulala, chini kidogo ya dari. Huo si wa ajabu. Hapo nguzo ya zege inakutana na mawe. Zege na jiwe havipanuki sawa jua likiwaka, wala havinywi maji sawa, na plasta imepigwa juu ya vyote viwili kama ni kitu kimoja. Isitoshe, uso wa nguzo ni laini kwa sababu ilimwagwa ndani ya mbao zilizopakwa mafuta. Inatakiwa ichokolewe na patasi iwe na makovu, au irushiwe uji mzito wa simiti na mchanga uwe na vipele vya kushikia, halafu ule mpaka ufunikwe na waya wa kuku kabla ya plasta. Waya wa kuku! Si teknolojia ya anga. Lakini wewe mwenye nyumba unapokea bei tatu za mafundi na unachukua ya chini, hiyo ya chini haina waya ndani yake. Fundi analipwa kwa mita. Kila dakika anayochokoa nguzo ni dakika ambayo halipwi.

Najua kuna mtu anasema, bro, ni skimu tu, si mwisho wa dunia. Ingekuwa ni urembo tu nisingeandika hii. Kinachonisumbua ni kwamba skimu ndiyo meikapu ya nyumba za kupanga siku hizi. Ukuta mweupe, dari ya jipsamu yenye taa za bluu, na bedsita ile ile inapanda bei. Sisi ndio tunaipandisha, na mimi nimo, nimetengeneza video ngapi za "ona hii keja"? Halafu meikapu inaficha uso.

Sehemu kubwa ya Eastlands, Embakasi na Kayole na huko kote, ina udongo mweusi wa mfinyanzi. Mvua za Machi hadi Mei zikija unavimba, kiangazi kikija unasinyaa mpaka ardhi inafunguka nyufa za kuingiza mkono. Msingi ukikaa juu yake badala ya kuchimba hadi kwenye mwamba, nyumba inapanda na kushuka nao. Ufa wa namna hiyo hauna uhusiano na skimu. Unaanza kona ya mlango au dirisha unakwenda kimshazari, au unapanda kama ngazi ukifuata viungo vya mawe, na ukibandua plasta unaukuta ndani ya jiwe lenyewe. Unaweza kuingiza sarafu. Unaona mlango umeanza kukwama ingawa hukuuguza. Huo ukipakwa skimu juu na mpangaji mpya akaletwa, hapo hatuzungumzii urembo tena.

Sijasema skimu inaangusha nyumba. Nasema inaficha. Usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, baada ya mvua kubwa, jengo la ghorofa lilianguka Huruma na watu zaidi ya 50 wakafa. Nilikuwa mdogo lakini nakumbuka watu wazima wakisimama mbele ya runinga ya kinyozi bila kuongea, na nakumbuka ile alama ya X nyekundu iliyochorwa kwenye majengo mengine baadaye. Tangu siku hiyo siwezi kuangalia ufa wa kimshazari nikasema "ni plasta tu" kabla sijaufuatilia.

Kuufuatilia hakuhitaji injinia. Kalamu ya risasi inatosha. Weka alama ndogo pale ufa unapoishia, andika tarehe kando yake. Rudi baada ya mwezi, rudi baada ya mvua. Ukiwa umepita alama, piga picha, mwambie keyateka kwa maandishi, si kwa mdomo, na uwaambie majirani wa juu na chini yako waangalie ukuta huo huo kwao. Usipopita alama kwa muda mrefu, lala.

Sasa pesa. Hapa ndipo niliposhikwa na hasira iliyonifanya niandike. Kabla ya hii keja nilikaa nyingine, sitaitaja. Siku ya kuhama niliambiwa diposti yangu yote imekwenda kwa "kurekebisha kuta". Kuta zipi? Zile zilizokuwa zinamwagika unga tangu wiki niliyoingia. Nililipia nyufa ambazo zilizaliwa kabla yangu, kwa sababu sikuwa na hata picha moja ya siku ya kuingia. Mimi, mtu ambaye kazi yake ni kupiga picha.

Na sheria? Ile sheria yetu ya kudhibiti kodi za nyumba inashughulikia nyumba ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Nitafutie bedsita ya 2,500 Umoja nikuhamie kesho. Kwa hivyo wengi wetu hatumo. Lakini kuna Mahakama ya Madai Madogo, ilianza kusikiliza kesi Milimani mwaka 2021, inachukua madai yasiyozidi shilingi milioni moja, na huhitaji kuwa na wakili. Diposti ni deni kama deni lingine. Ila hakimu atakuuliza ushahidi, na ushahidi ni picha zenye tarehe na risiti, si hasira zako.

Kwa hivyo ukienda kuangalia keja, acha kuangalia dari kwanza. Gonga ukuta. Kifundo cha kidole, au sarafu ya shilingi ishirini. Plasta iliyoshika inajibu kwa sauti nzito, fupi. Iliyoachana na ukuta inalia tupu, kama debe. Gonga zaidi chini, karibu na sakafu na ukuta unaopakana na bafu, kwa sababu jipsamu na unyevu havipatani, na ukiona unga mweupe kama chumvi umetoka nje ya rangi, ujue kuna maji nyuma yake na hakuna skimu itakayokaa hapo mpaka maji yazibwe. Keyateka atakuangalia kama mwehu. Mwache. Piga video ya kila ukuta siku hiyo hiyo, umtumie, mwambie tu "hii ni hali ya nyumba nikiingia". Nimeanza kufanya hivyo na sijawahi kukataliwa. Wanashtuka kidogo, halafu wanakuwa na adabu.

Na kama wewe ndiye unajenga, hata kama ni nyumba moja ya wazazi huko Kangundo Road, toa hesabu ya boza la maji kando kabisa na hesabu ya fundi. Lipa mtu wa mkono siku saba zaidi, kazi yake iwe kumwagia kuta tu. Usipake rangi mpaka plasta imetimiza wiki kadhaa, kwa sababu ukiifungia maji ndani yatatafuta njia na yatatokea na rangi yako.

Yule mzee niliyefanya naye kazi nilimpigia simu baada ya ile video. Nikamtumia picha ya kile kipande, upande wa nyuma. Alijibu baada ya dakika moja hivi, kwa sauti: "Hiyo ni rangi ya mafuta. Alipewa siku ngapi?" Hakuuliza jina la fundi.

Nimemwambia keyateka wetu kwamba ule ukuta usiguswe mpaka nipate siku mbili za kuukwangua mwenyewe. Nimenunua skrepa na msasa. Kona ya dirisha kuna ufa mwingine, mdogo, wa kimshazari, nimeuwekea alama ya kalamu Jumapili. Bado haujasonga.